Magma Iliyobaki Chini: Jinsi Ukingo wa Bara Unavyopasuka na Bahari Kufunguka

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wageni wote, asanteni kwa kufika.

Tukizungumzia volkano za kingo za mabara, wengi huwaza moto unaoruka juu na lava inayotambaa. Jioni hii naomba tutazame chini. Greenland ilipoachana na Norwei, lava iliyomwagika juu ya ardhi ilikuwa nyingi ajabu. Lakini magma iliyobaki chini, ndani ya nyufa, katikati ya matabaka ya matope na kwenye kitako cha ganda la dunia, ndiyo iliyolikata bara. Hiyo hiyo ndiyo inayoshukiwa kuipandishia dunia joto, na ndiyo inayotutesa hadi leo tunapojaribu kupata picha ya kilichofukiwa chini ya bahari ile. Lava ni kile kidogo kilichofanikiwa kutoka.

Kwanza, magma inatoka wapi? Koti la dunia, yaani mwamba ulio chini ya ganda, ni yabisi. Wazo la kwamba tunaelea juu ya ziwa la moto lifutwe kabisa. Mwamba wa koti ni peridotiti, una joto la nyuzi kama 1300 za Selsiasi, na hauyeyuki kwa sababu umekandamizwa na uzito wa kila kilicho juu yake. Kwenye shinikizo la usoni mwa dunia peridotiti huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1100 hivi; kwenye kina cha kilomita 100 inahitaji zaidi ya 1400. Sasa bara likivutwa kutoka pande mbili, linakonda, na koti linapanda kujaza nafasi. Linapopanda hupoteza joto kidogo sana, chini ya digrii moja kwa kilomita, wakati kiwango chake cha kuyeyukia kinashuka kwa digrii tatu au zaidi kwa kilomita hiyo hiyo. Mahali fulani njiani joto la mwamba na kiwango cha kuyeyukia vinakutana, na matone ya basalti, magma inayoganda kuwa mwamba mweusi, yanaanza kujitenga. Hakuna moto uliochochewa. Mzigo umepungua tu.

Kiasi cha magma kinategemea mambo matatu: koti lina joto kiasi gani, bara linavutwa kwa kasi gani, na mfuniko mgumu uliobaki juu una unene gani. Kwenye mgongo wa kawaida wa katikati ya bahari, yaani mstari ambapo sakafu mpya inazaliwa, hesabu hiyo inatoa ganda jipya lenye unene wa kilomita 6 hadi 7, na haibadiliki sana kutoka bahari moja hadi nyingine. Ongeza joto la koti kwa nyuzi 100 hadi 200 tu na unene unapanda hadi kilomita 15, 20, hata 30. Tuseme mabara yanaachana kwa sentimita 2 kwa mwaka, sawa na kilomita 20 kwa kila miaka milioni. Ganda likiwa na unene wa kilomita 7, kila kilomita moja ya urefu wa ukingo inazalisha kilomita za ujazo 140 za magma katika miaka milioni hiyo. Likiwa na unene wa kilomita 20, zinakuwa 400. Zidisha kwa ukingo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2000, na mtaona kwa nini makadirio ya magma yote ya jimbo la volkano la Atlantiki ya Kaskazini yanahesabiwa kwa mamilioni ya kilomita za ujazo.

Joto hilo la ziada lilitoka wapi? Wanajiolojia bado wanabishana. Kundi moja linasema ni mkondo wa mwamba moto unaopanda kutoka ndani kabisa ya koti, ambao leo uko chini ya Iceland. Kundi jingine linasema umbo la kingo nene za bara lenyewe lilitosha kulizungusha koti na kulipandisha. Kwa maoni yangu kundi la kwanza lina hoja nzito zaidi, kwa sababu mbili. Volkano za awamu ya kwanza zilianza karibu wakati mmoja, miaka milioni 62 hadi 60 iliyopita, kutoka kisiwa cha Baffin na magharibi ya Greenland hadi visiwa vya Skye na Mull vya Uskoti, na umbali huo ni mkubwa mno kwa ufa mmoja wa eneo. Pili, lava za Baffin zina uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4, aina mbili za gesi ya heliamu, ulio miongoni mwa mikubwa kuwahi kupimwa katika mwamba wowote wa volkano, dalili ya chanzo ambacho hakijachanganyika na koti la juu. Hata hivyo, mkondo peke yake hauelezi kwa nini bara lilipasuka pale lilipopasuka. Mstari wa mpasuko ulifuata kwa sehemu kubwa kovu la zamani, pale milima ilipojikunja miaka zaidi ya milioni 400 iliyopita mabara mawili yalipogongana. Joto lilikuja, udhaifu ulikuwepo tayari.

Sasa tuje kwenye kukata kwenyewe.

Bara zima, likiwa limepoa, ni gumu mno kukatika kwa kuvutwa peke yake. Nguvu zinazopatikana kwenye mabamba ya dunia ni teranyutoni (nyutoni trilioni) chache kwa kila mita ya upana, na mara nyingi hazitoshi kulivunja bamba nene lisilo na magma. Magma inapoingia, mambo yanabadilika. Ikiwa na shinikizo la kutosha inapenya kwenye ufa mwembamba wima na kuupanua, mwamba unasogea kando, kisha magma inaganda humo humo. Ukuta huo wa mwamba mpya ndio tunaouita daiki. Bamba limekatwa kwa nguvu ndogo kuliko ile ambayo ingehitajika kulivunja likiwa kavu, na tena limepashwa joto, kwa hiyo daiki inayofuata inapenya kwa urahisi zaidi.

Bahati nzuri kazi hii imeshuhudiwa. Katika eneo la Afar nchini Ethiopia, mahali ambapo ufa wa Bahari ya Shamu, ule wa Ghuba ya Aden na Bonde la Ufa vinakutana, mwezi Septemba 2005 ardhi ya Dabbahu ilianza kutetemeka mfululizo. Picha za rada za setilaiti zilipolinganishwa, za kabla na za baada, zilionyesha daiki yenye urefu wa kilomita 60 hivi iliyofunguka hadi mita 8 kwa upana. Ujazo wake ulikadiriwa kuwa kilomita za ujazo 2.5. Na juu ya ardhi? Kulikuwa na mlipuko mmoja mdogo wa majivu kwenye kitundu cha Da'Ure, basi. Karibu magma yote ilibaki chini. Mabamba ya pale yanaachana kwa chini kidogo ya sentimita 2 kwa mwaka, kwa hiyo mita 8 ni malimbikizo ya miaka 400 au zaidi yaliyolipwa ndani ya wiki chache. Hadi kufikia 2010 daiki nyingine zaidi ya kumi zilikuwa zimefuata katika ukanda ule ule, na ni chache tu kati yake zilizomwaga lava.

Anayesoma kingo za kale aziweke namba hizo karibu. Ukikuta kilima cha lava, chini yake pana msitu wa daiki, na ujazo wa msitu huo huenda ukaizidi lava mara nyingi. Kwenye pwani ya mashariki ya Greenland daiki zinaonekana kwa macho zikikata mwamba wa bara zikiwa zimesongamana. Kadiri unavyoelekea baharini ndivyo zinavyozidi kubanana, hadi mwamba wa zamani unabaki vipande tu katikati yake.

Turudi Norwei. Miaka kati ya milioni 56 na 54 iliyopita, ufa ulipokuwa ukikatika kabisa, lava ilimwagika juu ya nchi kavu. Nchi ilikuwa imeinuliwa na joto, ufa wenyewe ulikuwa juu ya usawa wa bahari, na basalti nyepesi ilitiririka makumi ya kilomita kabla ya kuganda. Kila mtiririko uliongeza uzito karibu na ufa, pakadidimia, mtiririko uliofuata ukajaa pale palipodidimia. Baada ya mamia ya mitiririko unapata kabari ya lava yenye unene wa kilomita kadhaa, matabaka yake yakilaliana kama makuti ya paa na yote yakiinama kuelekea baharini. Yale ya chini yana mwinamo mkali zaidi kwa sababu yameshuka kwa muda mrefu zaidi. Kwenye picha za mitetemo, zinazopatikana kwa kupeleka mawimbi ya sauti chini ya sakafu na kusikiliza yanavyorudi, matabaka hayo yanaonekana kama mistari iliyopinda inayoelekea bahari kuu. Mwanajiofizikia Karl Hinz aliyaeleza mwaka 1981, na kwa miaka kadhaa watu walibishana kama kweli ni lava au ni mashapo ya mto, mpaka yalipochorongwa.

Uchorongaji wa maana zaidi ulifanyika mwaka 1985 kwenye Uwanda wa Vøring, mbele ya pwani ya Norwei. Kisima namba 642E kilipita mita zaidi ya 1200 chini ya sakafu ya bahari na kukatiza mitiririko ya basalti zaidi ya 100. Ukiushika mche wa sampuli kutoka mtiririko mmoja na kuusoma kutoka chini kwenda juu, unaona hivi. Kitakoni kuna sentimita chache za basalti ya chembe ndogo sana, iliyopoa ghafla ilipogusa ardhi, na wakati mwingine vitundu virefu kama mirija ambapo mvuke ulipanda. Katikati ni mwamba mzito, kijivu cheusi, usio na vitundu. Juu vitundu vya gesi vinarudi, vikubwa na vingi, sasa vimejazwa madini meupe ya zeolaiti. Kisha kifuniko chekundu, basalti iliyopata kutu hewani, na pengine udongo mwekundu juu yake kabla mtiririko wa pili haujafika. Kutu hiyo ndiyo ushahidi mkuu: lava iliyoganda chini ya maji inakuwa na umbo la mito ya kulalia yenye ngozi ya kioo, haiwi na udongo mwekundu. Mahali pale leo pako chini ya zaidi ya kilomita moja ya maji.

Chini kabisa ya kisima kile, basalti ilikoma na lava ya aina nyingine ikaanza: dasaiti, yenye silika nyingi, ambayo kemia yake inaonyesha imetokana kwa sehemu na mashapo ya bara yaliyoyeyushwa. Kwa maneno mengine, kabla njia ya kupanda haijafunguka vizuri, magma ya koti ilikwama chini ikapika mwamba uliokuwa juu yake, na kilichopikwa ndicho kilichotoka kwanza. Kisima kilipangwa kutafuta lava, kikaleta habari za magma iliyokwama.

Kuchoronga basalti si kazi nyepesi, na lazima ujue inakudanganya wapi. Bomba la kupokelea sampuli lina urefu wa mita 9.5, lakini mara nyingi hupandi na mita 9.5 za mwamba. Sehemu ngumu ya katikati ya mtiririko inatoka nzima. Vilele vilivyosagika, udongo mwekundu na majivu vinamomonyoka na kusombwa na maji ya kuchorongea. Ukihesabu mitiririko kwa kuangalia trei za sampuli peke yake utasema lava ilikuwa nene na mfululizo, kumbe nusu ya hadithi imebaki shimoni. Ndiyo maana vipimo vinashushwa ndani ya kisima baada ya kuchoronga: mionzi ya gama huonyesha majivu na udongo, na ukinzani wa umeme huonyesha mipaka ya mitiririko. Tatizo la pili ni kichwa cha kuchorongea, ambacho basalti hukila ndani ya makumi machache tu ya saa. Kukibadilisha ni kuvuta mabomba yote juu na kuyarudisha kwenye tundu lile lile la sakafuni, kwa hiyo lazima faneli ya kurudia iwe imetegwa mapema. Tatizo la tatu ni bahari yenyewe. Mwaka 1995, mbele ya kusini-mashariki ya Greenland, dhoruba iliharibu meli ya kuchorongea ya JOIDES Resolution na safari ikakatizwa.

Ukisafiri kutoka bara kwenda bahari kuu, volkano zilizofukiwa zina mpangilio unaorudiwa kwenye kingo nyingi za aina hii. Upande wa bara ni lava za nchi kavu zilizotambaa. Zilipofikia ufuo wa wakati ule zilivunjika ndani ya maji na kujenga delta ya vipande vya kioo na basalti. Mwinuko wa Vøring ni ukingo wa delta kama hiyo, na unakuonyesha pwani ilikuwa wapi. Kisha inakuja ile kabari ya lava zilizoinama. Baada yake kuna kilima kirefu kisicho na mistari ya kueleweka: hapo ufa ulikuwa umezama kidogo, maji ya kina kifupi yakakutana na magma, na milipuko ikarundika majivu. Mbele zaidi maji yalikuwa mengi kiasi cha kuzuia milipuko, lava ikaanza kuganda kwa umbo la mito ya kulalia. Mstari mmoja wa picha ya mitetemo unakupa historia ya kuzama kwa ufa hatua kwa hatua, ilimradi usiusome kinyume.

Hapa niingie kwenye sehemu ambayo naiona nzito kuliko zote: magma iliyokwenda pembeni.

Kati ya pwani ya Norwei na mahali pa mpasuko palikuwa na mabonde mapana ya mashapo, Vøring na Møre, yaliyojaa matope ya bahari yenye mabaki ya viumbe. Magma ilipopanda na kukuta matabaka laini na mepesi, ilikosa sababu ya kuendelea juu na ikajisambaza mlalo. Vipande hivyo vya mlalo tunaviita sili. Vingi vina umbo la sahani, kitako bapa na kingo zilizopinda kwenda juu, na unene kutoka mita chache hadi zaidi ya 100.

Sili ikiingia na joto la nyuzi 1150 katika matope yenye nyuzi 50 au 100, matope yanapikwa. Muda wa kupoa unafuata mraba wa unene: joto husambaa ndani ya mwamba kwa takriban mita za mraba 30 kwa mwaka, kwa hiyo sili ya mita 100 inachukua mamia machache ya miaka, na ya mita 200 inachukua mara nne ya hapo. Katika muda huo ukanda unaokaribia unene wa sili yenyewe, juu na chini, unapoteza maji na kaboni yake. Kaboni inatoka kama methani na hewa ya ukaa. Tufanye hesabu ya mfano. Ukanda wa mita 100 chini ya kilomita moja ya mraba una mwamba wa tani milioni 240 hivi. Ukipoteza asilimia 1 ya uzito wake kama kaboni, hizo ni tani milioni 2.4. Chukulia kilomita za mraba 80,000 na sili moja tu, utapata tani bilioni 190 za kaboni. Na kwenye mabonde haya sili zimepangana ghorofa kwa ghorofa.

Gesi hiyo haikukaa. Shinikizo lilipozidi uzito wa mashapo ya juu, matabaka yalipasuka na mchanganyiko wa maji moto, gesi na tope ukatoka kwa nguvu kupitia mabomba yaliyoanzia hasa kwenye kingo zilizopinda za sili. Mamia ya matundu hayo yameshapigwa ramani kwa mitetemo. Mengine yana upana wa kilomita kadhaa. Mwaka 2004 mwanajiolojia Henrik Svensen na wenzake walipendekeza kwamba gesi kutoka matundu haya ndiyo iliyochochea ongezeko kubwa la joto la miaka milioni 56 iliyopita, ambapo dunia ilipata joto la nyuzi 5 au zaidi na ikachukua kati ya miaka 100,000 na 200,000 kurudi.

Pingamizi lilikuwa la maana, na lilihusu kina cha maji. Methani ikitoka chini ya maji mengi, sehemu kubwa inayeyuka na kuliwa na bakteria kabla ya kufika hewani. Pingamizi la pili lilikuwa la muda: je, matundu yalilipuka kabla ya joto kupanda, au baada? Mwaka 2021 meli ile ile ya JOIDES Resolution ilirudi kwenye ukingo wa Norwei kwa Safari namba 396 na kuchoronga visima mfululizo kukatiza tundu moja liitwalo Modgunn. Mashapo yaliyojaza kreta yake yalihifadhi alama ya kaboni ya kipindi cha joto, yaani badiliko la uwiano wa aina za kaboni, pamoja na visukuku vya viumbe vidogo vinavyokitambulisha. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yanaonyesha kwamba tundu lililipuka muda mfupi tu kabla ya alama hiyo kuanza, na kwamba maji ya pale yalikuwa ya kina kifupi sana. Gesi ilikuwa na njia fupi ya kwenda angani. Tundu moja halithibitishi mabonde mawili. Bado visima vinahitajika kwenye matundu mengine. Lakini pingamizi la kina cha maji limepungua nguvu, na hilo si jambo dogo.

Kuna sehemu ya tatu ya magma iliyobaki, na hii hakuna aliyewahi kuigusa. Chini ya ganda la kingo hizi mitetemo inakwenda kwa kasi ya kilomita 7.1 hadi 7.7 kwa sekunde, kasi ambayo ni kubwa kwa ganda la kawaida na ndogo kwa koti. Maelezo ya kwanza yalikuwa magma iliyojirundika chini ya bara ikaganda pale. Inawezekana sana chini ya ile kabari ya lava. Lakini karibu na bara kasi hiyo hiyo inaweza kutokana na mwamba wa kale wa milima iliyokunjwa, au na peridotiti iliyolowa maji na kugeuka serpentini. Anayehesabu magma yote ya jimbo na kuingiza kila kipande chenye kasi ya 7.3 kwenye jumla yake atapata namba kubwa mno. Ni bora kutoa namba mbili, ya chini na ya juu, na kusema wazi kipande kipi kimehesabiwa wapi.

Serpentini inanikumbusha niseme neno fupi juu ya kingo zisizo na volkano, maana wapo wanaodhani kila bahari hufunguka kwa moto. Mbele ya Galicia nchini Hispania, na upande wa pili mbele ya Newfoundland nchini Kanada, bara lilivutwa polepole juu ya koti lisilo na joto la ziada. Likakonda hadi kuisha, na peridotiti ya koti ikajitokeza kwenye sakafu ya bahari ikiwa imenyonya maji, kabla volkano za maana hazijaanza. Uchorongaji umeipata pale. Bahari ilifunguka vizuri tu.

Sasa tatizo la kuona. Basalti ni ngumu na ina vitundu, nyufa na vilele vilivyochongoka. Mitetemo inapoipiga, sehemu kubwa inarudi juu mara moja na iliyobaki inatawanyika. Tena mashapo yaliyo chini ya lava mara nyingi yana kasi ndogo kuliko lava yenyewe, kwa hiyo miale inapinda kwenda kinyume na ilivyozoeleka. Dawa zipo tatu na zinatumika pamoja. Chanzo cha sauti kinashushwa kina zaidi ili kitoe masafa ya chini, maana mawimbi marefu hayatawanyiki sana. Kebo ya vipokezi inarefushwa hadi kilomita 8, 10 au zaidi. Na vipima mitetemo vinategwa sakafuni ili kunasa mawimbi yaliyopita chini kabisa.

Makosa ya kawaida nayo ni matatu. Mwangwi unaojirudia kati ya uso wa maji na uso wa lava unasomwa kama tabaka halisi. Sili yenye mng'ao mkali inachukuliwa kuwa ndiyo mwamba wa chini wa bara, kisha bonde lote linaonekana na kina kifupi kuliko lilivyo. Na sili nyembamba hazionekani kabisa: kwa masafa ya hezi 20 na kasi ya mita 6000 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa mita 300, na sili ya mita 20 inapotelea humo. Visima vimekuwa vikikuta sili ambazo picha haikuzionyesha. Mwenye hesabu ya gesi akikumbuka hilo atajua makosa yake yameelemea upande gani.

Umri nao una mitego yake. Umri wa lava hupimwa kwa kulinganisha potasiamu na agoni, gesi inayotokana nayo. Basalti iliyokaa majini hubadilika kikemia, potasiamu inaingia na agoni inatoroka, na umri unaopimwa unatoka mdogo kuliko ukweli. Kwa hiyo majivu yaliyosafiri mbali ni shahidi bora kuliko lava yenyewe. Kwenye visiwa vya Fur na Mors vya Denmark, matabaka 179 ya majivu yamepewa namba kutoka −39 hadi +140 ndani ya udongo mweupe wa diatomu, mwani mdogo sana wenye maganda ya silika. Majivu ya mfululizo huo yanapatikana pia chini ya Bahari ya Kaskazini, ambako wachoronga mafuta huyatumia kama alama ya kujua wako wapi. Majivu yanalala katikati ya mashapo yenye visukuku, kwa hiyo mlipuko unapangwa moja kwa moja dhidi ya hali ya hewa ya siku zake. Tena wingi wa majivu unasema jambo jingine: milipuko mikubwa ya basalti yenye majivu inahitaji maji, na kipindi cha majivu mengi kinalingana na wakati ufa ulipokuwa ukizama kwenye maji ya kina kifupi.

Baada ya hapo bahari ikaendelea kama bahari nyingine. Mwamba ulipoa na kuzama. Kwa kanuni iliyozoeleka, kina kwa mita ni 2500 jumlisha 350 zidisha kipeuo cha pili cha umri kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo ganda la kawaida la miaka milioni 49 linategemewa kwenye mita 4950. Karibu na Iceland kanuni hiyo inakosea kwa zaidi ya kilomita moja kwa sababu ganda ni nene na koti bado ni moto, na anayeitumia pale bila marekebisho atapata bahari ambayo haipo. Milia ya sumaku kwenye sakafu, yaani mikanda ya mwamba inayohifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ilipoganda na iliyopewa namba kwa umri, inaanza na ile ya namba 24, na kwa kuihesabu pande zote mbili unaweza kurudisha Greenland mahali pake hatua kwa hatua.

Ila uhesabu pande zote mbili kwelikweli. Kusini mwa Jan Mayen, kisiwa kilicho kati ya Norwei na Greenland, mgongo wa bahari haukukaa ulipozaliwa. Mgongo wa Ægir, uliotenganisha Norwei na Greenland mwanzoni, ulizimika miaka milioni 25 hivi iliyopita, na mpasuko mpya, Kolbeinsey, ukafunguka magharibi yake kwa kuchana ukingo wa Greenland wenyewe. Kipande kilichochanwa kimebaki katikati ya bahari, bara dogo lililozama chini ya mawimbi, na lava zilizoinama zikiwa upande wake wa mashariki. Ukiona milia ya upande mmoja imejirudia na ya upande mwingine ina pengo, usitafute kosa kwenye vipimo vyako kwanza; angalia kama mgongo ulihama.